Mkono Juu ya Boksi

Gari la mikate lilipopiga honi mlangoni, Mama Pacha aliacha cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya hata akija mgeni. Alitoka na futi yake ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni. Binti zake pacha walikuwa wameshatangulia uani, wamesimama kila mmoja upande wake wa jukwaa la saruji ambalo baba yao alilijenga karibu na bomba. Jukwaa lilikuwa limekauka vizuri. Asubuhi ile Mama Pacha alikuwa amelifagia, akalimwagia maji, akalifuta kwa kitambaa kama meza ya kulia.

Mlango wa nyuma wa gari ukafunguka. Katikati ya kreti tupu za mikate palikuwa na boksi. Mume wake akalivuta taratibu, akalikumbatia, akaanza kuja nalo akitembea upandeupande ili aone mbele.

Boksi lilikuwa bapa.

Mama Pacha aliliangalia boksi, akaliangalia jukwaa, akaliangalia boksi tena. Kwa miaka yote aliyopita madukani akizitupia mashine za kufulia jicho la wizi, hakuwahi kuona iliyo bapa.

"Mashine iko wapi?" akauliza.

"Nipisheni kwanza, hiki kitu si chepesi. Wanangu, shikeni mlango!"

Mapacha waliona picha iliyochapwa ubavuni mwa boksi, wakapiga yowe la furaha lililosikika hadi kwa majirani. Televisheni. Tena si ya kuweka kwenye kona. Ilikuwa pana kama mlango wa kabati. Baba Pacha akaingia nayo ndani, akatafuta pa kuitua, na asipopaona akailaza juu ya meza ya kukatia, juu ya vipande vya sketi za shule ambavyo mkewe alikuwa amevichora kwa chaki. Alipolisogeza boksi ili lisianguke, chaki yote ikafutika.

"Sapraizi!" akasema, akijipangusa jasho.

"Nimekuuliza mashine iko wapi."

"Mashine itakuja, mama. Haikimbii. Tutaona mwezi ujao, au ule mwingine. Hii ilikuwa ya mwisho dukani, ningeiacha ingechukuliwa."

"Mkono wangu uko wapi kwenye boksi hili?"

Baba Pacha akacheka, akitafuta macho ya mabinti ili wamsaidie kucheka. "Mkono, mkono! Sisi bado watoto? Angalia wanao walivyofurahi."

Mama Pacha hakuwaangalia wanawe. Alikuwa akiliangalia boksi kama mtu anayetafuta alama ya kidole.

Habari ya mkono ilianza mwaka wao wa kwanza wa ndoa. Wakati huo walikuwa wanaishi chumba kimoja, na walikuwa wakiazima pasi kwa jirani ambaye kila akiwapa alikuwa akiguna. Siku moja Baba Pacha alirudi kutoka kazini akiwa ameficha kitu ndani ya koti. Mkewe naye alikuwa ameficha kitu chini ya mto. Kila mmoja akamwambia mwenzake afumbe macho. Walipofumbua, kila mmoja alikuwa ameshika pasi mpya, za aina moja, za rangi moja, mpaka waya zilifanana. Kila mmoja alikuwa amejinyima kwa siri ili amfurahishe mwenzake. Duka halikukubali kurudishiwa hata moja. Walicheka mpaka yule jirani mwenye kuguna akaja kubisha hodi kuuliza kuna nini.

Ndipo walipotunga kile walichokiita sheria ya waya. Kitu chochote chenye waya hakitaingia nyumbani mpaka wote wawili wamekwenda dukani na kila mmoja ameweka mkono wake juu ya boksi. Asiyekubali haweki mkono, na asipoweka, wanarudi nyumbani. Ulikuwa mzaha, kisha ukawa mazoea, kisha ukawa ndiyo ndoa yenyewe. Feni iliingia kwa mikono miwili. Redio vilevile, baada ya kurudi nyumbani mara kadhaa mikono ikiwa mifukoni. Jokofu dogo lilikaa mwaka mzima likibishaniwa, hadi siku Baba Pacha alipoweka mkono shingo upande, na baadaye yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kulisifia kwa wageni. Wauzaji waliwacheka. Wao hawakujali. Walijua majumba ambayo mwanamume huleta kitu na mwanamke huambiwa atafute pa kukiweka, na walikuwa na kiburi kidogo kwamba kwao si hivyo.

Mashine ya kufulia walikuwa wameshaiwekea mikono.

Mama Pacha alikuwa akiitaka mashine ile kwa sababu ya vidole vyake, wala hapakuwa na jingine. Kiwanda cha mikate kilitaka kila dereva afike akiwa na koti jeupe pepe. Msimamizi alisimama getini asubuhi akiwakagua kama wanafunzi. Na koti la mtu anayefungua na kufunga milango yenye grisi kutwa nzima halitakati kwa sabuni tu. Linataka dawa ya kung'arishia, maji ya moto na mtu wa kusugua. Msuguaji alikuwa yeye. Glavu za mpira alizijaribu, zikamwasha mpaka mikono ikavimba. Kidogo kidogo ngozi ya ncha za vidole ikapasuka, ikakakamaa, ikawa msasa.

Kwa mtu anayeuza nyanya hilo ni jambo la kuvumilia. Kwa fundi cherehani ni jambo jingine. Sare za shule hazina neno, kitambaa chake ni kigumu kama anayekivaa. Lakini kilichompa Mama Pacha jina mjini kilikuwa satini: magauni ya harusi, ya wasimamizi, ya mama wa bibi harusi anayetaka kumzidi binti yake. Satini haina huruma. Kidole kikipita juu yake kikiwa na mkwaruzo hata wa kuonea kwa taabu, kinanasa uzi, uzi unavutika, na unabaki mstari ambao hakuna pasi inayouondoa. Alikuwa ameshaanza kukataa kazi za satini, akisingizia kuzidiwa.

Baba Pacha alijua. Alikuwa amelijenga jukwaa lile kwa mikono yake, akipima kwa kamba aliyoikata dukani kwa kipimo cha mashine yenyewe. Siku ya kwenda kuichukua, Mama Pacha alikuwa na mteja wa kupima gauni. Akamwambia mumewe, "Nenda tu na gari, si tumeshaweka mikono?"

Mteja huyo alikuwa mama wa bibi harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, ambaye hakukubali kukataliwa. Satini yake ilikuwa ya rangi ya maziwa, imeagizwa mbali, na hapakuwa na nyingine. Mama Pacha aliipokea kwa kuwa mashine ilikuwa inakuja. Alijipigia hesabu kwamba akiacha maji na dawa, vidole vitapoa kabla hajafika kwenye kazi ya mkono, ile ya kuzungushia shingo na kushona pindo kwa sindano.

Sasa aliendelea kufua, kwa sababu makoti hayakungoja. Na mama wa bibi harusi aliporudi kupima, Mama Pacha alimvisha, akapiga magoti kumweka sawa pindo, akapitisha kiganja pajani mwa mteja kulainisha kitambaa.

Alisikia kabla hajaona. Kilikuwa kisauti kidogo, kama cha mtu anayechana karatasi chumba cha pili.

Mama wa bibi harusi akainama. Mstari ulianzia nyonga ukashuka karibu na goti, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

"Fundi," akasema, kwa sauti yake ileile ya upole. "Hebu nionyeshe mikono yako."

Mama Pacha akaificha nyuma, kama mtoto. Kisha akaona haya ya kuificha, akaitoa.

Yule mama aliishika, akaigeuza. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu. "Pole, mwanangu," akasema. "Ila mikono hii siwezi kuiachia nguo ya harusi." Akavua gauni nyuma ya pazia, akaikunja satini yote iliyobaki, akaiingiza mfukoni. Alisahau kipande kimoja tu, ukubwa wa kiganja, kilichokuwa kimejibanza chini ya mguu wa meza.

Televisheni ilikuwa imeshatundikwa ukutani mkabala. Mlikuwa na mwanamke ndani yake akipika na kutabasamu.

Mama Pacha akajifunga kilemba, akaenda dukani.

Muuzaji wa duka la vitu vya umeme alikuwa kijana mchangamfu ambaye watu walimwita Rimoti, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila rimoti kwenye mfuko wa shati. Dukani kwake hapakukosa wanaume wawili watatu waliokuja kutazama mpira kwenye televisheni za maonyesho. Hawanunui chochote, lakini wana maoni juu ya kila kinachonunuliwa. Mama Pacha alimkumbuka vizuri Rimoti. Siku walipokuja kuweka mikono, yeye Mama Pacha ndiye aliyekuwa akiuliza: inatumia maji kiasi gani, bomba la kutolea linakaa wapi, inakamua au inazungusha tu. Na kila swali lake Rimoti alilijibu akimtazama Baba Pacha.

"Karibu, mama! Televisheni inasemaje?"

"Inasema irudi ilikotoka. Nataka mashine yangu."

"Ah." Rimoti akajikuna shingo. "Kubadilisha tunabadilisha, boksi likiwa zima. Ila aje mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

"Baba. Risiti ina jina lake."

"Siku ile tulipokuja, uliona mikono mingapi juu ya boksi?"

"Miwili, mama, naikumbuka, nilicheka sana." Akacheka tena kuthibitisha. "Lakini utaratibu ni utaratibu. Na mimi nilijua tu. Siku ile nilijua ile mashine ni mambo yako, baba kasindikiza. Ndiyo maana alipokuja peke yake kuichukua nikamtania kidogo."

"Ukamtania nini?"

Kijana wa watu hakuona shimo. Alijiegemeza kaunta, akasimulia kama anayesimulia jambo litakalomfurahisha. "Nilimwambia, mzee, mke unaye, mashine ya kufulia ya nini? Au ameshakuachisha kazi ya ubaba? Basi hapa watu hawana mbavu. Huyu bwana hapa akamwambia, akifika nyumbani atavalishwa aproni. Baba naye mtu wa watu, akacheka na sisi. Akasema hapana bwana, mashine gani, mimi nimefuata televisheni. Nikamwonyesha ile kubwa. Hakuuliza hata maswali!"

Huyo bwana aliyetajwa, aliyekuwa amekalia boksi la feni, akapunga mkono kukiri kwamba aproni ilikuwa yake.

Njia nzima Mama Pacha alikuwa amekuja akimtungia mumewe sababu. Labda mabinti walimlilia. Labda aliona bei imeshuka. Labda, Mungu amsamehe, kuna mtu alimdanganya kwamba mashine ni mbovu. Kila sababu alikuwa ameipima kama kitambaa, akaona inaweza kumtosha kwa kubana hapa na kulegeza pale. Kumbe hapakuwa na sababu yoyote. Kilichompokonya mashine kilikuwa kicheko. Wanaume watatu wasiojua hata jina lake walicheka kwa muda ambao mtu angepiga chafya, na mume wake akavikana vidole vyake.

"Asante," akamwambia Rimoti. "Usiiuze mashine."

"Mama, hiyo siwezi kuahidi."

Alipofika nyumbani, mpira ulikuwa unaendelea na sebule ilikuwa imejaa madereva. Tangu televisheni iingie, wenzake Baba Pacha walikuwa wakishamaliza kusambaza mikate wanaishia pale, na wakiondoka wanaacha vikombe na maganda ya karanga hadi ndani ya sanduku la nyuzi. Mmoja alikuwa ameegemea furushi la sketi. Baba Pacha alikaa katikati yao kama mwenye kiwanja.

Mama Pacha alisimama mbele ya kioo cha televisheni.

"Shemeji, pembeni kidogo," dereva mmoja akasema kwa adabu. "Tunashambuliwa."

"Mwenzenu amewaambia televisheni hii aliipataje?"

"Mama Pacha," mumewe akasema chini kwa chini, "si sasa."

"Alikwenda kuchukua mashine ya kufulia. Tumeijengea jukwaa, hilo hapo nje ambalo mnakalia mkivuta hewa. Akachekwa dukani. Akaambiwa atavaa aproni. Basi akaikana, akasema haijui. Kiwanda kinamwamini na gari zima, lakini kubeba boksi mbele ya watu wanaokaa juu ya maboksi ya feni kulimshinda."

Hakuna aliyecheka. Kwenye kioo nyuma yake uwanja ulilipuka kwa goli, na hakuna aliyejua la nani.

Mama Pacha akainama, akachomoa waya ukutani, akauzungusha kiganjani, akauweka juu ya meza ya kukatia. "Kitu chenye waya," akasema.

Madereva wana akili ya kujua njia imefungwa. Walisimama mmoja mmoja, wakatafuta viatu vyao. Yule aliyeegemea sketi akazikunjakunja vibaya, akaziacha. Wa mwisho akamgusa bega Baba Pacha, ambaye wanaume wa mjini walimwita Mikate, "Mikate, tutaonana kesho," na mlango ukafungwa.

"Umeniaibisha," Baba Pacha akasema. "Mbele ya watu ninaofanya nao kazi! Kesho nitaingiaje kule?"

"Kwa miguu. Kama mimi nilivyoingia dukani leo."

"Ilikuwa utani tu, wewe hukuwepo! Mtu anashikwa ghafla, watu wote wanakuangalia..."

"Nami ningekuwepo ungefanyaje? Ungenikana na mimi?"

"Usikuze mambo. Nimesema nitainunua. Sikujua kama hali ya mikono imefikia huko. Ningejua..."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mama Pacha, ambaye hadi dakika ile alikuwa akisema kwa sauti ya kupimia nguo, alipiga meza mpaka mkasi ukaruka.

"Ulijua! Ni nani anayenipaka mafuta ya mgando vidoleni kila jioni? Ni jirani? Ni nani aliyeniambia, mama, vidole vyako vinanikwaruza, ngoja nivipake? Umevishika kimoja kimoja, unavijua kuliko mimi. Usiniambie hukujua. Sema ulijua, ukapima vidole vyangu na kicheko cha wale, ukaona vidole ni vyepesi. Angalau hapo utakuwa umesema kweli."

Baba Pacha akauokota mkasi, akaurudisha mezani. Chumba cha pili mapacha walikuwa wameegemea mlango wakisikiliza.

"Mama wa bibi harusi ameondoka na satini yake," Mama Pacha akasema, sasa bila kelele. "Nimeiharibu. Mimi. Na yeye ana ndugu, na ndugu wana mabinti. Unajua maana yake? Maana yake ni sketi za shule mpaka nife."

Akachukua sketi zilizokunjwakunjwa, akaanza kuzichora chaki upya.

Kuanzia siku hiyo makoti meupe yalibaki kwenye beseni. Alifua nguo zake na mashuka. Mabinti walifua sare zao. Baba Pacha alijaribu kulisugua koti moja, kwa maji baridi na sabuni ya kuogea, akalianika likiwa na grisi ileile, ila sasa imetandaa. Msimamizi alimrudisha getini mbele ya foleni nzima ya magari. Hakumwambia mkewe. Mkewe aliambiwa na mke wa dereva mwingine, tena kwa furaha, na hakuonja furaha yoyote. Jioni alimwona mumewe amekaa kwenye jukwaa la saruji, amelishika koti mapajani, anakiangalia kiganja chake kilichobabuka kwa dawa aliyoimimina bila kipimo. Alijua kwamba mwanamke mwenye moyo laini angeenda kumpokonya lile koti. Hakwenda.

Baada ya muda Baba Pacha akasema, bila kugeuka, "Jumamosi niko huru."

"Kwa lipi?"

"Twende dukani."

"Twende. Lakini nisikilize. Hutasema mke wangu anataka. Nimelichoka hilo neno. Kila kitu kizito cha nyumba hii kinatakwa na mke, na kila chepesi ni cha baba. Utasema nataka."

Jumamosi waliibeba televisheni kwenye gari la mikate, imerudi ndani ya boksi lake, maplastiki yote mahali pake, mabinti wakiwa wamevimbisha midomo nyuma. Dukani mpira ulikuwa haujaanza, kwa hiyo wanaume walikuwa wengi zaidi na hawana la kutazama. Bwana Aproni alikuwa kwenye boksi lake la feni.

Baba Pacha akaitua televisheni juu ya kaunta. Akakohoa.

"Tumekuja kubadilisha," akamwambia Rimoti. "Mke wangu ana..."

Akahisi kimya upande wake wa kulia. Hakutazama. Jasho lilikuwa limeshamtoka juu ya mdomo.

"Nataka mashine ya kufulia," akasema. "Nguo zangu. Ni nyingi."

"Mikate, umekaliwa na mkeo!" Bwana Aproni akapaza sauti, na duka zima likapokea. Mmoja akapiga kofi pajani. Mwingine akauliza kama aproni ya maua ipo.

Baba Pacha alisimama ndani ya kicheko kile. Masikio yake yalikuwa yamewaka kabisa na mguu mmoja ulikuwa ukitaka kugeukia mlango, mkewe aliuona. Lakini haukugeuka. Kicheko kilipoanza kupungua, akasema, kwa sauti iliyokwaruza, "Boksi liko wapi?"

Ile waliyoiwekea mikono ilikuwa imeuzwa. Palibaki moja ndefu zaidi, yenye matundu mawili, moja la kuoshea na moja la kukamulia. Rimoti akaifunua, akajisafisha koo, akamgeukia Baba Pacha kama alivyozoea, halafu akakumbuka ni nani aliyekuja kudai mashine, akamgeukia Mama Pacha haraka. "Sasa mama, hapa kwanza unaweka maji mpaka kwenye huu mstari..."

"Mweleze yeye," Mama Pacha akasema. "Mweleze vizuri. Ndiye atakayeitumia."

Hapakuwa na aliyecheka safari hii, labda kwa sababu hakusema kwa utani. Rimoti akaeleza kibonyezo kimoja kimoja, na Baba Pacha akarudia nyuma yake: hiki cha maji, hiki cha kuzungusha, nyeupe usichanganye na rangi. Alirudia kwa bidii, kama anayekariri njia mpya ya kusambaza mikate. Alipomaliza aliweka mkono wake juu ya boksi, akangoja.

Mama Pacha hakuweka wake. Aliuacha mkono wa mumewe pale peke yake, mbele ya wanaume wote wale, kwa kitambo kirefu kuliko ilivyokuwa lazima, mpaka hata Bwana Aproni akaanza kuangalia dari. Alitaka aujue uzito wake. Kisha akaweka, pembeni ya ule wa mumewe, bila kugusana.

Mashine haikukaa kwenye jukwaa. Jukwaa lilikuwa la ile ya kwanza, na hii ilining'inia nje kwa upana wa kiganja. Ikambidi Baba Pacha alipasue kwa nyundo, alijenge tena. Mashine ilingoja ndani kwa siku kadhaa, imekaa chini ya ukuta uliokuwa na televisheni, na wale madereva wenzake hawakuonekana.

Harusi ilipita. Gauni lilishonwa na fundi mwingine, na watu walisema lilikuwa zuri.

Sasa asubuhi, kabla cherehani haijaanza, mlio wa kwanza ndani ya nyumba ile ni wa mashine ikizungusha makoti. Baba Pacha husimama mbele yake na suruali ya kulalia, akiisikiliza kwa wasiwasi. "Mama Pacha!" huita kutoka uani. "Dawa natia kabla ya sabuni au baada?"

"Ulielezwa," mkewe humjibu.

Yeye wakati huo huwa amefungua kopo la vifungo na kutoa kile kipande cha satini kilichosahauliwa chini ya meza, ukubwa wa kiganja, rangi ya maziwa. Hukitandaza pajani, akapitisha juu yake ncha ya kidole, taratibu, kama anayepita mbele ya mbwa aliyelala. Kinanasa. Si kama zamani, lakini kinanasa. Hukikunja, akakirudisha ndani ya kopo, akavuta furushi la sketi za shule karibu yake na kukanyaga cherehani.